Kichwa cha Jiko Kutoka Ilula

Juzi mjukuu wangu mmoja, jina simtaji maana mama yake husoma kila ninachoandika, alikuja kunisalimia akiwa na ile sigara ya umeme mnayoiita vepu. Aliivuta, ikakataa. Akaigonga gotini, akaivuta tena, ikatoa harufu ya pamba iliyoungua. Akataka kuitupa jalalani. Nikamwambia, lete hapa kabla hujatupa. Nilivaa miwani, nikaifungua, nikakuta ndani kijiwaya kimejisokota, kimezungushiwa pamba, na juu yake masizi meusi yamekauka kama ukoko wa ugali. Nikacheka peke yangu. Ugonjwa ule naujua, nimeishi nao ujana wangu wote.

Nilimsafishia, ndiyo. Pamba niliitupa, kijiwaya nikakiloweka kwenye spiriti, nikakisuuza kwa maji ya moto, nikakianika mpaka kikakauka kabisa, kisha nikaweka pamba mpya. Nikamrudishia pamoja na maneno makali kuhusu mapafu yake, ambayo hayafunguliwi wala hayalowekwi kwenye spiriti. Yeye maneno hayo hakuyasikia. Alichotaka kujua ni kimoja tu: "Bibi, haya umejifunzia wapi?" Nikaona nikimjibu yeye peke yake nitakuwa nimewanyima wajukuu wengine. Kaeni basi.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha majiko ya pampu. Msicheke. Miaka ya sabini, pale Mbeya, mtu mwenye jiko la pampu alikuwa mtu, na mtu anayeweza kulifanya liishi alikuwa mtu zaidi. Jiko lenyewe lilikuwa tangi la shaba kama chungu kidogo, lenye miguu mitatu, pampu ubavuni, na juu yake kitu tulichokiita kichwa. Mafuta ya taa yalikaa kwenye tangi. Ukipampu, upepo unayasukuma yapande kichwani. Kichwa kikiwa kimepashwa moto kwa spiriti, mafuta yanageuka mvuke humo ndani, mvuke unatokea kwenye tundu la nipeli, na hapo moto wa bluu unaanza kunguruma. Tundu hilo ni dogo kuliko ncha ya sindano. Kila siku mafuta yanaacha masizi kidogo ndani ya vibomba vya kichwa, na masizi yakijaa, jiko linakufa. Vichwa vipya havikupatikana. Ungeweza kuzunguka maduka yote ya Mbeya ukaambulia kuangaliwa tu. Kwa hiyo kichwa kimoja kilitakiwa kiishi miaka na miaka, na aliyejua kukidumisha alikuwa Mzee Sanga.

Mzee Sanga alikuwa Mkinga wa Makete, mrefu, mkali wa maneno, na banda lake lilikuwa pembeni ya soko kule Soweto, mtaa wa Mbeya hiyo hiyo. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka Ilula, upande wa Iringa, kuja kukaa kwa shangazi nijifunze kushona na kudarizi. Siku moja shangazi alinituma nipeleke jiko lake. Mzee alilipokea, vidole vyake vikagusana na vyangu, akanishika kidole cha kati.

"Binti, wewe unadarizi?"

"Nadarizi, mzee. Umejuaje?"

"Una sugu ya sindano hapa. Haya, shika pini hii, choma lile tundu la nipeli."

Pini ya jiko ni kipande cha bati chenye waya mwembamba kwenye ncha. Nilichoma mara moja, ikaingia. Mzee Sanga akainua uso kama aliyesikia habari ya msiba au ya harusi, sikujua ipi. Kisha akasema, "Kesho njoo tena."

"Jiko si limepona?"

"Jiko limepona. Wewe njoo."

Nilikwenda kesho yake, na keshokutwa, na kudarizi kukaishia hapo. Shangazi alilalamika kwamba nanuka mafuta ya taa na hakuna mwanamume atakayenitaka. Alikosea, babu yenu alisema ndiyo harufu iliyomvuta, ingawa babu yenu alisema mambo mengi.

Ilinichukua muda kugundua kwamba Mzee Sanga alikuwa anapofuka. Macho yake yalikuwa yanaingia wingu jeupe, kidogo kidogo. Watu aliwaona kama vivuli, na tundu la nipeli hakuliona kabisa. Alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa kuficha. Wateja aliwatambua kwa sauti zao, na majiko yao aliyatambua kwa mlio. Mtu akifika tu, mzee anasema, "Karibu mama wa Ilomba, jiko lako tena?" na mama anaondoka akisifu macho ya mzee. Wangejua kwamba haoni, wangempelekea majiko yao yule fundi baiskeli wa jirani, aliyekuwa akizibua nipeli kwa waya wowote alioupata na kuacha tundu pana kama la pua. Jiko likitoka kwake lilikuwa linapiga mluzi na kula mafuta kama lori. Mzee Sanga alimchukia kwa roho yake yote.

Kwa hiyo tukagawana kazi bila kuambizana. Mimi nikawa macho, yeye akawa masikio. Naliwasha jiko, yeye amekaa kwenye kigoda ameinamisha kichwa.

"Pampu. Acha hapo hapo. Sasa pampu tena mara moja. Unasikia? Linakohoa."

"Nasikia, mzee."

"Husikii, unanikubalia tu. Likikohoa hivyo, masizi yapo kwenye kona ya bomba, hayajafika kwenye nipeli. Pini haitasaidia kitu. Fungua kichwa."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Jiko zima linanguruma sawasawa, ukinyamaza unausahau mlio wake. Likikohoa, masizi yapo bombani. Likipiga mluzi, tundu limepanuka. Likitoa moto wa njano na kutapika mafuta, mara nyingi halina ugonjwa wowote, limeamshwa vibaya. Hilo lilikuwa kosa la Mbeya hasa, kwa sababu ya baridi. Juni na Julai pale, asubuhi, hata shaba inatetemeka. Mama anataka chai ya watoto iwe tayari, anatia spiriti kwenye kikombe kidogo chini ya kichwa, anaiwasha, na kabla kichwa hakijapata moto ameshapampu. Mafuta yanapanda yakiwa mabichi, yanaungua ovyo, masizi yanajaa. Mzee Sanga aliwaambia wote maneno yale yale: tia spiriti mara mbili, ngoja moto wake ufifie mpaka ukaribie kuzimika, ndipo upampu, na uanze pole pole. Walikuwa wanaitikia "Ndaga fijo, mzee," ndiyo asante sana ya Kinyakyusa, wanaondoka, na baada ya mwezi wanarudi na masizi yale yale.

Kusafisha kwenyewe kulikuwa hivi. Unafungua kichwa, unakiweka kwenye mkaa wa moto mpaka kigeuke rangi ya damu iliyokolea, usizidishe, maana maungio yataachia. Hapo masizi ya ndani yanaungua na kukauka. Usikitumbukize kwenye maji ya baridi hata kama unaona wengine wanafanya. Kiache kipoe juu ya majivu. Halafu unapitisha uzi wa breki ya baiskeli ndani ya vibomba, ule wa nyuzi zilizosokotana, unauvuta huku na huku, unagonga kwa mti, siyo kwa chuma, na masizi yanamwagika kama pilipili manga. Ukipuliza kwa mdomo, upepo upite bila kikwazo. Mwisho unakiloweka.

Hapo kwenye kuloweka ndipo tulipopata sifa mbaya. Siki haikuwepo, ndimu zilikuwa za msimu. Mzee Sanga alitumia ulanzi. Mnaojua Iringa mnajua ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Siku ya kwanza ni mtamu hata mtoto angekunywa, lakini ukiuacha unachacha, na ukichacha sana unakuwa mkali kiasi cha kutoboa meno. Huo uliochacha sana ndio tuliolowekea nipeli na vichwa, na asubuhi shaba inatoka inang'aa. Ulanzi ulikuja kwenye madebe kwa mabasi ya kutoka Iringa. Watu waliona madebe yanaingia bandani, wakaona mzee anapapasa papasa akitembea, wakahitimisha wenyewe kwamba tunalewa. Mambo yakazidi mwaka ambao spiriti iliadimika tukaanza kupashia majiko kwa gongo. Mgambo mmoja aliingia bandani, akanusa, macho yakamtoka.

"Mzee, hapa mnapika pombe?"

"Hatupiki. Tunaichoma."

"Mnaichoma?"

"Serikali si inataka gongo iteketezwe? Binti, mwonyeshe."

Niliimimina kwenye kikombe cha jiko nikaiwasha, mwali wa bluu ukapanda vizuri. Mgambo alisimama pale akiuangalia kwa huzuni kubwa, kama mtu anayeona ndugu yake akizikwa, kisha akaondoka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Zilikuwa siku nzuri zile. Nikifumba macho bado nausikia ule mngurumo, majiko mawili matatu yakijaribiwa kwa pamoja, na nje ukungu wa asubuhi haujaondoka.

Sasa niwaambie kuhusu mama yangu, maana bila yeye kazi hii ingeniponyoka.

Mama alikuwa anauza chai na maandazi pale Ilula, kando ya barabara kuu, mahali wenzake walipokuwa wanauza nyanya na vitunguu. Baba alikuwa amefariki, kaka zangu wawili walikuwa kwenye mashamba ya chai Mufindi. Mama alikuwa peke yake. Kaka mkubwa alimnunulia jiko la pampu, na jiko hilo ndilo lililonipa mimi ruhusa ya kuondoka. Mabasi hayakukaa sana Ilula. Abiria wanataka chai ya moto papo hapo. Ukitegemea kuni, lazima awepo mtu wa kwenda kuzitafuta milimani, kuzikata, kuzianika, kukaa na moto. Mtu huyo nilikuwa mimi. Jiko lilipofika, mama aliweza kufanya kazi bila mimi, akasema, haya, nenda kwa shangazi yako ukajifunze. Maana yake ilikuwa wazi kwetu wote wawili: jiko likifa, narudi.

Miaka miwili jiko la mama halikusumbua. Kisha likaanza. Kondakta wa basi aliniletea kichwa kimefungwa kwenye kitambaa, na maneno ya mama: limeziba. Nikakichoma, nikapitisha waya, nikaloweka, nikakirudisha kwa basi. Haukupita mwezi, kikarudi. Kimeziba. Nikasafisha kwa uangalifu zaidi, Mzee Sanga akakipuliza mwenyewe akasema kipo sawa. Kikarudi tena. Safari hii maneno ya kondakta yalikuwa marefu zaidi. Alisimama mlangoni akayatoa kama alivyopewa:

"Mama yako anasema, fundi gani huyu anayeshindwa na jiko moja? Anasema jiko likiziba tena, ufunge vitu vyako urudi nyumbani, kuni zinakungoja. Mimi nimetumwa tu, dada."

Nilikaa chini. Nikamtazama Mzee Sanga, naye akageuza uso upande nilikokuwa, macho yake meupe yakiwa wazi. Alielewa kama nilivyoelewa. Nikiondoka mimi, banda linafungwa. Hatamwambia mtu kwamba haoni. Atarudi Makete akakae pembeni ya moto wa wenzake, mwanamume aliyekuwa anajulikana kuanzia Soweto mpaka Ilomba. Mimi nilikuwa naogopa kwa ajili yangu pia, tena sana. Kazi ile nilikuwa naipenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naipenda.

"Hiki kichwa hakina kosa," alisema Mzee Sanga. "Kosa lipo huko kwenye jiko. Tunakwenda Ilula."

"Mzee, safari ya kutwa nzima hiyo."

"Kwani mimi ndiye ninayeendesha?"

Tulifika jioni jua halijazama. Mama alikuwa kwenye kibanda chake, wateja wawili watatu wanakunywa chai. Walisalimiana kwa heshima zote, kamwene, kamwene, maana Wakinga na Wahehe salamu yao ni moja. Nikaona mama anamwangalia mzee alivyoshika bega langu. Nilimletea mzee jiko, nikalifungua kichwa, na safari hii hakuniomba nipulize wala nigonge. Alichukua waya, akaupitisha ndani ya bomba, akauvuta, akauweka ulimini.

Wateja wakaacha vikombe. Mzee Sanga alilamba ule waya wenye masizi, akafikiri, akalamba tena. Kisha akainua tangi, akamimina mafuta kidogo kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba kama mtu anayepima unga.

Mnajua koroboi, ile taa ya kopo na utambi. Mama zetu wote walikuwa wanatia punje chache za chumvi kwenye mafuta ya koroboi. Walisema moshi unapungua na mafuta yanadumu. Kama ni kweli sijui, lakini kwenye utambi hakuna dhara. Kwenye jiko la pampu ni sumu. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inakaa chini ya tangi, upepo unaisukuma ipande, inakwama kichwani, inaungana na masizi, inakuwa jiwe. Mzee Sanga alijua hapo hapo, na akaongea kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia bandani, akimwita mama kwa jina langu.

"Mama Vero, ni chumvi tu. Mazoea ya koroboi haya, akina mama wengi wanakosea hivyo. Kwenye koroboi endelea kutia, kwenye jiko usitie. Tutaosha tangi, litapona."

Alikuwa amempa mama njia ya kutokea, pana kabisa. Angesema tu, kumbe, asante mzee, na yangeisha. Mama akafuta mikono kwenye kanga. Akawaangalia wateja mpaka wakaelewa, wakaweka vikombe chini wakaondoka.

"Mzee, usinisitiri," akasema. "Kwenye koroboi natia punje. Humu nilitia kiganja kizima."

Mimi niliduwaa.

"Nilijua litaziba. Nilitaka lizibe. Jioni magari yakipungua nafunga hapa, naingia ndani, hakuna wa kuniambia hata habari za mchana. Kumwita hivi hivi niliona aibu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia nenda." Alinigeukia. "Jiko lilikuwa linakusemea kwangu, mwanangu. Likiziba ndiyo nasikia habari zako kwa kondakta."

Nililia. Nawaambia ukweli, nililia na hasira pia, maana nilikumbuka vidole vyangu vilivyoungua nikikisafisha kichwa kile. Mama hakulia. Alikuwa sasa anamwangalia Mzee Sanga.

"Na wewe mzee? Umetoka Mbeya kwa ajili ya jiko la mjane? Huyu unamng'ang'ania kwa nini?"

Mzee Sanga alikuwa bado ameshika ule waya. Akauweka chini taratibu, akipapasa kwanza mahali pa kuuweka.

"Sioni, mama," akasema. "Miaka sasa. Wewe hapo nakuona kama moshi. Kila jiko ninalosifiwa, ni macho ya mwanao."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema. Hata mimi alikuwa hajawahi kuniambia kwa mdomo. Mama akakaa kwenye benchi, karibu naye. Lori lilipita barabarani likatikisa vikombe.

"Basi tuna kazi," akasema mwishowe. "Wazee wawili, mtoto mmoja."

Tulilala pale siku hiyo. Asubuhi niliosha tangi kwa mafuta safi mara kadhaa, nikayachuja yaliyobaki kwa kitambaa kizito, nikafunga kichwa, na jiko likanguruma vizuri mbele yao wote wawili. Mama hakuniambia nibaki na hakuniambia niende. Alinifungia maandazi, akampa mzee debe la ulanzi uliochacha, akasema, "Sijui unautumiaje huu, lakini Vero kasema unauhitaji." Tukapanda basi. Nikiwa dirishani, alinishika mkono na kuukamata mpaka basi lilipoanza kuondoka.

Miezi minne au zaidi ikapita, kondakta akaniletea kitambaa. Nikafungua, kichwa cha jiko la mama, kimeziba kabisa. Nikampa Mzee Sanga. Akapitisha waya, akalamba, akatabasamu.

"Mama yako anakusalimia," akasema. "Kapande basi la kesho."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mama hakuwahi kusema na mimi sikuwahi kuuliza. Kichwa kikija kina chumvi, nakisafisha, nakipakia, nampelekea mwenyewe, nakaa wiki. Mzee Sanga alifunga banda siku hizo na kuwaambia wateja kwamba binti kaenda kwa mgonjwa wa jiko. Baada ya ile safari hakuficha tena macho yake. Mwanzoni wateja walisitasita, wengine walikwenda kwa fundi baiskeli, wakarudi na mluzi. Alikuwa anawaambia, "Huyu ndiye anayeona, mimi ndiye ninayesikia, wewe lipia jiko lako uende." Nilikuwa namheshimu toka zamani, lakini tangu hapo nilimpenda kama baba.

Mnaniuliza siri ya kukifanya kitu kidumu. Chujeni mafuta, kwa kitambaa kizito, kila mara, hata yakionekana safi. Ngozi ya pampu ilainisheni kwa mafuta ya nyonyo isikauke. Msichome nipeli kwa kitu kisichokuwa pini yake. Mkimaliza kupika, fungueni skrubu upepo utoke, jiko lipumzike bila kubanwa. Na kila kitu kisafisheni kabla hakijawalazimisha. Wengi wanaosema kitu kimekufa hawajawahi hata kukifungua. Hilo linanikera mpaka leo na nitaendelea kulisema.

Kisha ukaja mwishoni mwa miaka ile wakati wa shida, wakubwa wenu wanaukumbuka. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, nguo hakuna. Mafuta ya taa yenyewe tulikuwa tunayapata kwa kubahatisha. Mzee Sanga alikuwa hatofautishi tena mchana na usiku kwa macho, ila masikio yalikuwa yale yale. Siku moja kondakta, kijana mgeni ambaye hakumjua mama, aliniachia kitambaa akaharakisha kurudi kwenye basi. Hakuwa na maneno yoyote.

Nikakifungua. Kichwa kilikuwa kimepakwa majivu na kusuguliwa, kinang'aa. Nikapuliza, upepo ukapita wote. Nikapuliza tena. Nikampa Mzee Sanga, akapitisha waya, ukaingia na kutoka bila kugusa kitu. Akaulamba. Akaulamba mara ya pili upande wa pili.

"Hakina kitu," akasema.

"Labda kimeletwa kwa makosa."

Alikuwa anakishikashika kile kichwa, anakizungusha. Tulikuwa tunawaza jambo moja. Kwetu mtu akifariki, vyombo vyake vinasafishwa, na kile alichotengewa mtoto kinapelekwa kwake.

"Nenda," akasema. "Usisubiri kesho. Kama kuna lori linaloondoka sasa, panda."

Nilipata lori la vitunguu. Sikumbuki Makambako, sikumbuki Mafinga. Nilikuwa nimekishika kichwa cha jiko mapajani, na njia nzima nilikuwa najisemesha maneno ambayo ningemwambia kama ningewahi. Dereva aliniuliza kama naumwa, nikamwonyesha kile kichwa. Tulipoanza kushuka kuelekea Ilula asubuhi, nilikuwa natafuta watu waliokaa chini nje ya nyumba, dalili ya msiba. Niliona moshi.

Nilishuka kabla lori halijasimama vizuri. Nyuma ya kibanda, kwenye mafiga matatu, mama alikuwa ameinama anachochea kuni, kanga imefungwa kichwani, anakohoa moshi na kuutukana kwa Kihehe. Nilisimama pale. Aliinua macho akaniona, akaona kile kichwa mkononi mwangu, akaona uso wangu.

"Mama," nikasema, "hiki hakijaziba."

"Kitazibaje?" akasema. "Chumvi haipatikani, miezi miwili sasa. Nikaona nikutumie hivyo hivyo."